Wimbo uliotangulia waraka: Kazi ya Remmy Ongala na deni letu kwa watunzi

Serikali yo yote ina njia zake za kupata habari za wananchi. Ina taarifa za wilaya na mikoa, ina sensa, ina wajumbe wa nyumba kumi, ina magazeti na redio. Lakini iko njia moja isiyokuwa na ofisi wala mhuri, nayo ni wimbo. Mtunzi hukaa pamoja na watu, husikia wanayoyasema mchana kwenye foleni na usiku vitandani, kisha huyarudisha kwao yakiwa yamepangwa kwa sauti na gitaa. Kiongozi mwenye masikio huyapata humo mambo ambayo taarifa ya ofisini haikuyaandika, ama kwa woga, ama kwa haya.

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili katika mji wa Dar es Salaam ni maisha ya kazi ya marehemu Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana na wengi kwa jina la Daktari Remmy. Alifariki tarehe 13 Desemba, 2010. Tangu siku hiyo yamesemwa mengi ya kumsifu, na sifa hizo anastahili. Hata hivyo sifa peke yake hazitufundishi kitu. Yafaa tumtazame kwa yale aliyotenda na kwa yale sisi tuliyomtendea, maana mambo hayo mawili hayakulingana daima.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mashariki ya Kongo, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Mwenyewe alikuwa akihadithia kwamba mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili kabla yake, na kwamba mganga aliyetazamwa kwa ajili ya mimba ile aliagiza mtoto asinyolewe nywele. Alizaliwa akiwa na meno mawili ya mbele, jambo ambalo watu wa kwao walilihesabu kuwa ni alama ya uganga. Huko ndiko zilikoanzia zile nywele ndefu zilizosokotana, na huko ndiko lilikoanzia lile jina la Daktari ambalo baadaye wapenzi wake walilikubali bila ya kuuliza cheti. Wazazi walimwacha yatima mapema, na shule hakuipata kama alivyotaka. Alijifunza muziki kwa kuushika, akianza na ngoma na kuimba, kisha gitaa, na katika ujana wake akapitia bendi kadha wa kadha za Kongo.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1978. Aliyemwita ni mjomba wake, Mzee Makassy, ambaye alikuwa na bendi yake mjini, Orchestre Makassy. Kwa miaka ile wawili hao, mjomba na mpwa wake, walifanya kazi bega kwa bega, mmoja akiwa kiongozi mwenye jina, na mwingine akiwa mgeni anayetafuta mahali pa kusimama. Hapo ndipo Remmy alipoanza kujulikana kuwa si mwimbaji na mpiga gitaa tu, bali ni mtunzi. Wimbo wake “Siku ya Kufa”, alioutunga kwa ajili ya rafiki aliyefariki, uliwafanya watu wa mjini wamwulizie ni nani huyu. Wengi walishangaa kuona kwamba kijana kutoka Kongo, ambako bendi nyingi ziliimba Kilingala, ameamua kuwasemesha kwa Kiswahili kisichokuwa na mapambo, na kwamba katika ukumbi wa dansi ameleta habari ya mauti.

Ili msomaji aliye Visiwani apate kuielewa kazi ya Remmy, hapana budi aujue mji alioingia. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, haukuwa soko peke yake. Ulikuwa pia moyo wa starehe na umoja wa Waafrika wa mjini. Klabu mbili kubwa za kandanda, Yanga na Simba, zina nyumba zao huko mpaka leo. Kandokando ya klabu za mpira zilikua klabu za muziki, kama vile Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz, zikiwa na wanachama, wapenzi na watani wao. Jioni watu walitoka Kariakoo wakaenda Arnautoglu, Mnazi Mmoja, au wakabaki hapo hapo katika ukumbi wa DDC Kariakoo. Aliyetaka kujua mji unafikiri nini alikwenda kusikiliza nyimbo mpya.

Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilichukuliwa na mashirika ya umma na taasisi za taifa. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, vijana wa Chama walikuwa na yao, na Mlimani Park ikaja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa na fadhila kubwa. Mwanamuziki alipata mshahara, alipata vyombo, na hakulazimika kuimba upuuzi ili ashibe. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuanza Jamhuri mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba tulikuwa tunacheza dansi za wageni na kuzisahau ngoma zetu, na akaunda wizara ya utamaduni. Bendi za mashirika zilikuwa sehemu ya jibu la masikitiko yale.

Lakini mpango huo ulikuwa na upungufu wake, nao ni huu: vyombo havikuwa vya mpigaji. Gitaa, vipaza sauti, ngoma na saksafoni vilitoka nchi za nje, na katika miaka ya shida ya fedha za kigeni, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata nyuzi za gitaa zilikuwa adimu. Kwa hiyo mwenye vyombo, awe shirika au awe tajiri, ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mpigaji alipogombana naye alitoka mikono mitupu. Nyimbo alizotunga zilibaki nyuma yake, kama mkulima aliyehama na kuiacha mikorosho yake katika shamba la mtu. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wanamuziki wa Dar es Salaam kuhamahama kutoka bendi hadi bendi, jambo ambalo watu waliwalaumu nalo bila ya kutazama chanzo chake.

Remmy naye alipita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoka kwa mjomba wake akajiunga na Matimila, bendi ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Makassy naye akahamia Nairobi na kundi lake, kama walivyofanya wengi, kwa kuwa huko kulikuwa na studio za biashara na viwanda vya santuri, na kwetu havikuwapo. Remmy akabaki. Kutoka Matimila, ambayo baadaye iliitwa Super Matimila, aliijenga sauti yake mwenyewe: magitaa matatu yanayojibizana, ngoma iliyotulia, na juu yake sauti nzito ya mtu anayezungumza zaidi kuliko anavyoimba. Mtindo huo aliuita Bongo Beat, kwa kuwa Dar es Salaam, kama walivyosema wenyeji wake, ni mji ambao bila ya bongo huishi.

Na alizungumza habari gani? Alizungumza habari ya mnyonge. Neno hilo lilikuwa katika vitabu vyetu vya siasa na katika hotuba zetu, lakini Remmy alilitoa kitabuni akalipa uso. Mnyonge wake ni mtu anayesubiri basi, anayedharauliwa kwa sura yake, anayezikwa haraka kwa kuwa hana jamaa wenye uwezo. Yeye mwenyewe alijiita “sura mbaya” mbele ya watu, na watu wakacheka, kisha wakajiona wao wenyewe. Nyimbo kama “Sauti ya Mnyonge” na “Kifo” hazikumsifu kiongozi wala hazikumtukana. Zilimkumbusha tu kwamba mtu wa chini yupo na ana hesabu zake.

Mwaka 1988 mambo yalibadilika. Kanda yake ilikuwa imechukuliwa na rafiki hadi Uingereza na kuwafikia watayarishaji wa tamasha la WOMAD, nao wakamwita pamoja na Super Matimila kupiga muziki katika nchi za Ulaya. Mwaka 1989 studio za Real World, zilizoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, zilitoa santuri yake iliyoitwa “Songs for the Poor Man”, yaani nyimbo kwa ajili ya maskini, na mwaka 1992 ikafuata “Mambo”. Kwa safari zile Remmy alipata kitu ambacho wenzake wengi hawakukipata katika maisha yao yote, nacho ni vyombo vyake mwenyewe. Ni jambo la kutafakari kwamba mtunzi aliyekuwa anaimbia Kiswahili watu wa Dar es Salaam alilazimika kwenda ng'ambo ili awe huru nyumbani.

Aliporudi hakuuhama mji. Alikaa Sinza, na wananchi wakakiita kituo cha basi kilichokuwa karibu naye Sinza kwa Remmy. Jina hilo halikutolewa na baraza la jiji wala halikupitishwa na kamati. Abiria walilisema kwa makondakta mpaka likawa jina.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho maofisa wa Serikali wanapaswa kukikumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Zanzibar iliwatambua wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1986. Katika miaka iliyofuata watu walikuwa wakizika karibu kila wiki, lakini ugonjwa wenyewe ulitajwa kwa mafumbo. Ilisemwa kwamba marehemu aliumwa kifua, au amerogwa, au ameugua kwa muda mrefu. Mwaka 1990 hivi Remmy alitunga wimbo ulioitwa “Mambo kwa Soksi”. Soksi hapa si ya mguuni. Ilikuwa ni jina la mtaani la mpira wa kiume, na wimbo uliwaambia wanaume wautumie ili wasiue na wasife.

Radio Tanzania haikuupokea wimbo huo. Wakati ule mashairi ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na redio ilikuwa hiyo moja tu kwa Tanzania Bara, maana stesheni za watu binafsi zilianza mwaka 1994. Wimbo uliokataliwa redioni ulikuwa umefungiwa mlango wa nchi nzima. Pamoja na hayo haukufa. Remmy aliupiga kumbini, watu wakaujua kwa moyo, na kanda zikapita mkono kwa mkono. Lakini kanda haifiki kila kijiji, na ukumbi wa dansi hauingiwi na kila mtu. Mvuvi wa Pemba na mkulima wa Songea walikuwa na redio. Hawakuwa na tiketi ya kumwona Remmy.

Haitakuwa haki kuwafanya wale waliokataa kuwa wajinga au wabaya. Walikuwa na sababu zao, na sababu hizo tunazijua kwa kuwa tumelelewa nazo. Redio ilisikilizwa sebuleni, baba na binti yake wakiwa pamoja, mkwe na mama mkwe wakiwa pamoja. Viongozi wa dini, wa msikitini na wa kanisani, waliona kwamba kutaja kinga ni kuruhusu zinaa. Haya ni nguzo ya adabu ya Waswahili, wala hakuna mtu mwenye akili anayetaka ing'olewe. Lakini haya ina mahali pake. Mwenye homa hamfichi tabibu mwili wake, na tabibu hamfichi mgonjwa jina la maradhi. Msiba ulipokuwa umekwisha kuingia ndani ya nyumba, kunyamaza hakukuwa adabu tena. Kulikuwa ni kuchelewa.

Tarehe 31 Desemba, 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Ukimwi ni janga la kitaifa. Baada ya hapo ikaundwa Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS, na Zanzibar ikaunda tume yake mwaka 2002. Mabango yakawekwa barabarani, redio zikajaa nyimbo na michezo ya kuwaonya vijana, na lile neno lililokataliwa likawa sehemu ya kazi ya Serikali. Kati ya wimbo wa Remmy na tamko la Rais ilipita karibu miaka 9. Hakuna mtu awezaye kusema ni roho ngapi zingeokolewa na wimbo mmoja, wala makala haya hayasemi hivyo. Linalosemwa hapa ni dogo na ni la hakika: mpiga gitaa alilijua jambo, akalisema hadharani kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa, na waraka ukaja nyuma yake.

Wasomaji wa Visiwani hawatalishangaa jambo hili, kwa maana Unguja ina historia yake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alirekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, na katika nyimbo zake zikamo habari za watu wa Ng'ambo na hukumu za mahakama za wakoloni. Wimbo wake juu ya Kijiti uliisimulia kesi ya mwanamke aliyeuawa, na jinsi wasiokuwa na hatia walivyoadhibiwa na mwenye hatia akaponyoka. Watu waliisahau hukumu iliyoandikwa, lakini wimbo haukusahauliwa. Siti na Remmy hawakuonana, na muziki wao ni mbalimbali kama udi na gitaa la umeme. Kazi yao ilikuwa moja.

Mwisho wa maisha yake Remmy alipata maradhi ya kisukari na kiharusi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliacha muziki wa dansi akaokoka, akaimba nyimbo za dini. Wako waliosikitika na wako waliofurahi. Hilo lilikuwa baina yake na Mola wake. Linalotuhusu sisi ni kwamba alipougua, mtu ambaye sauti yake ilikuwa imesikika kila mahali nchini alikuwa akitegemea jamaa na wapenzi zaidi kuliko mapato ya nyimbo zake.

Hapo ndipo linapoingia deni letu. Sheria ya hakimiliki tulikuwa nayo tangu mwaka 1966, lakini kwa mtunzi wa Kariakoo ilikuwa karatasi. Kanda za nyimbo zilinakiliwa madukani mchana kweupe, zikauzwa hadi Mombasa na Bujumbura, na mtunzi akazinunua mwenyewe kama mteja mwingine. Sheria mpya ilipitishwa Bara mwaka 1999 na ikaleta COSOTA. Zanzibar ilipitisha yake mwaka 2003 na ikaleta COSOZA. Hizi ni hatua njema. Lakini sheria haili wala haivai. Inapata nguvu pale stesheni ya redio, hoteli, basi na ukumbi wanapolipa wanachotakiwa kulipa, na pale fedha hiyo inapomfikia mjane na yatima wa mtunzi bila ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Mambo matatu yanawezekana, na wenye mamlaka wanayaweza. La kwanza, kanda za Radio Tanzania zilizorekodiwa kwa fedha ya umma, ambazo sasa ziko mikononi mwa TBC, zihifadhiwe zote kwa njia za kisasa, na kila wimbo uandikwe jina la aliyeutunga, si jina la bendi peke yake. Wimbo usiokuwa na jina la mtunzi ni shamba lisilokuwa na hati, na kila apitaye atadai ni lake. La pili, malipo ya watunzi yatangazwe hadharani kila mwaka, nani amelipwa na nani hajalipa, kwa maana mwanga ndio unaomfukuza mwizi. La tatu, na hili halihitaji bajeti, wale waliopewa kazi ya kukagua nyimbo waanze kwa kuuliza, “Je, hili linalosemwa ni kweli?” kabla ya kuuliza, “Je, hili linapendeza?” Nyimbo nyingi zinazopendeza hazina madhara wala faida. Wimbo unaochoma masikio huenda ukawa ndio wenye taarifa.

Wala isidhaniwe kwamba twataka kila mwenye gitaa aachwe aseme apendalo. Uongo ni uongo hata ukiimbwa, na matusi hayawi sanaa kwa kuwekewa ngoma. Lakini iko tofauti kati ya mtu anayeivua nchi nguo na mtu anayeionyesha jeraha lake ili litiwe dawa. Kazi ya kiongozi ni kuitambua tofauti hiyo mapema, si baada ya miaka 9.

Mgeni kutoka Kongo aliyefika mwaka 1978 na gitaa asilolimiliki alitutumikia zaidi ya miaka 20. Aliwaliza na kuwachezesha watu wetu, na aliwaambia ukweli wakati ukweli ulikuwa hautakiwi. Basi zinazopita Sinza bado zinalitaja jina lake kila siku bila ya kuagizwa na mtu. Wananchi wamekwisha kulipa sehemu yao ya deni. Sehemu iliyobaki ni ya maofisa.